Matope ya Kinamasi na Maji Yake: Namna Vinavyopeana Azoti

Watu wengi wa Ituri husema kinamasi ni nchi bure. Hakilimiki, hakijengeki, chazaa mbu, tena chanuka. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba chini ya matope pana dhahabu, au akiona kwamba maji yaweza kuondolewa kwa mfereji mmoja tu, hafikiri mara mbili, achukua jembe. Lakini ndani ya kinamasi mna kazi inayofanyika mchana na usiku, na kazi hiyo yahusu shamba lako, kisima chako na samaki unaonunua sokoni. Ni kazi ya matope na maji kupeana azoti. Mwenye kuijua ataweza kuamua mwenyewe sehemu gani ya bonde ailime, sehemu gani aiache, na afanye nini na shimo la dhahabu kazi ikiisha.

Hapa twasema kinamasi kwa maana ya bonde lolote lenye maji yasiyokwenda mbio, mafunjo, na matope meusi, yale ambayo wengi wetu huyaita potopoto. Mtu wa Saio, hapa Bunia, hana haja ya kwenda mbali kuona bonde la namna hiyo. Watu wa Nizi, Iga-Barrière, Bambu, Kilo na Mongbwalu wanayo chini ya vilima vyao, na ni katika mabonde hayo dhahabu ilioshwa tangu mwanzo. Viko tena vinamasi vya ukingo wa Ziwa Albert, upande wa Kasenyi na Tchomia, na huko mto Semliki unakoingia ziwani. Maji ya upande wa Bunia huingia mto Shari, na Shari huingia Ituri, na mwisho wake ni mto Kongo. Maji ya upande wa pili wa milima huteremka Ziwa Albert, na kutoka huko huenda katika mto Nili. Basi matope yakivurugwa kwetu, habari zake zaweza kwenda mbali kwa njia mbili.

Azoti ni kitu gani

Azoti ni hewa. Katika kila sehemu 100 za hewa tunayovuta, sehemu 78 ni azoti. Sisi twaiita azoti kwa kufuata Kifaransa. Jirani zetu wa Uganda na Kenya huiita naitrojeni, na kitu ni kilekile. Nyama, samaki, maharagi na majani ya muhogo, vyote vina azoti ndani yake, na mwili wa mtu pia. Mmea ukiikosa hugeuka wa manjano, ukianza na majani ya chini, nao hudumaa.

Labda mtu atauliza: Ikiwa hewa yote imejaa azoti, mbona mahindi yangu ni ya manjano? Jibu ni kwamba mmea hauwezi kuitumia azoti ya hewani, kama vile mwenye kiu asivyoweza kunywa ukungu. Yapasa igeuzwe kwanza. Maharagi na karanga zina vinundu katika mizizi, na ndani ya vinundu wamo bakteria, yaani vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambao huigeuza. Radi hugeuza kidogo. Viwanda vya mbolea hugeuza nyingi.

Azoti iliyogeuzwa huonekana hasa kwa namna mbili, nazo yafaa zikumbukwe, kwani maneno yote yanayofuata yatazitumia. Ya kwanza ni amonia. Ukiingia zizi la mbuzi asubuhi, ile harufu inayochoma pua ndiyo amonia. Udongo wa mfinyanzi huishika amonia kama nguo ishikavyo rangi, haiondoki upesi. Ya pili ni nitrati. Hii haina harufu wala rangi, huyeyuka katika maji kama chumvi, na udongo hauwezi kuishika. Maji yakienda, nitrati huenda nayo, mpaka kisimani, mpaka mtoni.

Ngozi ya matope

Kabla ya kusoma zaidi, jaribu jambo hili nyumbani, halina gharama. Tafuta chupa mbili za kioo cheupe zenye mdomo mpana. Tia matope ya kinamasi katika kila moja hata nusu, ukitoa kwanza mizizi na vijiti. Katika chupa ya kwanza mimina maji ya kijito polepole, yasivuruge matope, uiache wazi kivulini. Katika ya pili changanya matope na majani mabichi yaliyopondwa, mimina juu yake maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha mafuta kidogo yafunike maji ili hewa isiingie. Ngoja wiki mbili.

Katika chupa ya kwanza utaona juu ya matope tabaka jembamba la rangi ya kutu, na chini yake matope ya kijivu au meusi. Tabaka hilo ni milimita chache tu. Rangi yake ni kutu kwelikweli: ni chuma cha udongo kilichopata oksijeni, ile sehemu ya hewa inayotupa uhai. Katika chupa ya pili tabaka hilo halipo; matope ni meusi mpaka juu, na ukiyafungua yanuka.

Tabaka hilo la kutu twaliita ngozi ya matope, na ndilo mlango ambao azoti hupitia ikitoka katika matope kwenda majini, au ikitoka majini kuingia katika matope. Juu ya ngozi mna oksijeni. Chini yake hamna, kwa sababu bakteria wanaooza majani wameila yote.

Mambo haya si mageni. Clifford Mortimer alipima matope na maji ya ziwa dogo la Uingereza liitwalo Esthwaite Water, akaandika habari zake mwaka 1941 na 1942. Aliona kwamba wakati ngozi ya kutu ipo, matope huifunga akiba yake. Oksijeni ikiisha chini ya ziwa, ngozi hupotea, na amonia, chuma na vyakula vingine vya mimea hutoka katika matope na kuingia majini kwa wingi. Wakati huohuo huko Ujapani, Shioiri alikuwa akichungua mashamba ya mpunga wa majini. Naye aliona tabaka mbili zilezile, la kutu juu na la kijivu chini, akatambua kwa nini mbolea iliyotupwa juu ya maji ilikuwa ikipotea. Mmoja alitazama ziwa la nchi ya baridi, mwingine shamba la mpunga, na wote wawili wakakuta ngozi ileile.

Safari ya azoti

Sasa tufuate jani moja la mafunjo. Limekufa, limeanguka majini, limezama. Bakteria wa matope walila. Azoti iliyokuwa ndani ya jani hutoka ikiwa amonia. Chini kule hakuna oksijeni, kwa hiyo amonia haiwezi kugeuka kuwa kitu kingine. Hukaa, hushikwa na mfinyanzi, huongezeka mwaka kwa mwaka. Hiyo ndiyo akiba ya kinamasi.

Lakini sehemu ya amonia haishikwi. Hupanda polepole kuelekea juu, kutoka mahali ilipo nyingi kwenda mahali ilipo chache, kama moshi unavyotoka jikoni na kuenea nyumba nzima. Ikifika katika ngozi ya kutu hukutana na oksijeni, na hukutana na bakteria wa kazi nyingine. Hao huigeuza amonia kuwa nitrati. Winogradsky, mtaalamu aliyezaliwa katika dola ya Urusi ya zamani, aliweza kuwatenga bakteria hao peke yao mwaka 1890.

Nitrati iliyozaliwa katika ngozi ina njia mbili. Nyingine hupanda majini, ikaliwa na mimea. Nyingine hushuka tena katika matope meusi. Na huko chini wako bakteria wa tatu, ambao kwa kukosa oksijeni ya kupumua huinyang'anya nitrati oksijeni yake. Inayobaki ni azoti tupu, hewa, nayo hupanda na kurudi mbinguni ilikotoka.

Hapa ndipo penye ajabu ya kinamasi. Ili azoti iliyozidi iondoke katika maji, yatakiwa mahali penye oksijeni na mahali pasipo na oksijeni, tena viwe karibu kabisa, milimita moja au mbili kati yao. Mlimani udongo una hewa kote; nitrati haiondolewi, husombwa tu. Katika shimo la choo hakuna hewa kabisa, amonia haigeuki. Katika kinamasi vyote viwili vimelazwa pamoja kama mkeka juu ya kitanda. Kwa hiyo maji yanayoingia kinamasi yakiwa na nitrati nyingi, kutoka mashamba yenye mbolea au kutoka mjini, hutoka upande wa pili yakiwa na nitrati chache.

Mafunjo yaongeza kazi hiyo. Kama mimea mingi ya majini, yana nafasi za hewa ndani ya mwili wake, nayo hupeleka hewa mpaka mizizini. Hewa kidogo huvuja nje ya mzizi, na kila mzizi huvikwa ngozi yake ya kutu katikati ya matope meusi. Ng'oa mzizi mmoja uutazame. Mara nyingi utaiona rangi hiyo. Basi mlango ambao ungekuwa mmoja, juu ya matope, wawa milango elfu. Tena mafunjo yenyewe hula amonia na nitrati ili yakue, nayo hukua sana, hata mita 4 au 5.

Mahali pa kuyaona haya karibu nasi ni Kampala. Maji machafu ya mji huo hupita kinamasi cha Nakivubo kabla ya kuingia ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria, na katika ghuba hiyohiyo, upande wa Ggaba, mji huchota maji ya kunywa. Frank Kansiime na Maimuna Nalubega wa Uganda walikichungua kinamasi hicho na kuchapisha habari zake mwaka 1999. Walionyesha kwamba palipo na mafunjo maji husafishwa zaidi kuliko palipo na majani marefu ya namna nyingine, kwa sababu maji machafu huweza kupita katikati ya mizizi ya mafunjo. Maji yakipata njia ya mkato yakapita nje ya mizizi, faida hupungua. Tena watu wamelima magimbi na miwa katika sehemu za juu za kinamasi hicho, na kila kipande kinacholimwa kimepungua katika kazi ya kuyasafisha maji ya kunywa ya mji. Mwenye gimbi apata gimbi lake, na mwenye bomba alipa gharama. Ndiyo sababu ugomvi wa vinamasi ni mgumu kuamuliwa.

Pwani ya bahari, penye mikoko, kazi ni hiyohiyo, ila huko maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wataalamu wamepima azoti katika mikoko ya Gazi, Kenya, na katika ghuba ya Chwaka, Unguja. Kaa wa mikokoni huchimba mashimo, na kila shimo huingiza maji na hewa katika matope meusi, likawa na ngozi yake ya kutu. Mafunjo yetu hufanya kwa mizizi kile ambacho huko hufanywa na kaa na mizizi ya mikoko pamoja.

Kinamasi kikikaushwa

Mkulima akata mfereji, maji yashuka, mafunjo yachomwa. Apanda mahindi, kabichi, lengalenga. Mavuno ya kwanza ni makubwa kupita yote aliyoyaona mlimani, naye asema: Shamba hili halina mwisho.

Lina mwisho. Mavuno hayo yametoka katika akiba. Hewa ilipoingia katika matope yote kwa mara moja, bakteria wa oksijeni walianza kula majani yaliyolala humo tangu zamani za babu, na amonia yote ikaanza kugeuka nitrati. Mahindi yalikula sehemu. Sehemu iliyobaki ilingoja mvua. Mvua iliponyesha, nitrati iliyeyuka ikashuka kisimani au katika mfereji, na matope meusi ambayo yangeirudisha hewani hayako tena, kwani yamekauka. Kadiri akiba inavyoliwa udongo wenyewe hudidimia, na moto ukiingia wakati wa kiangazi huungua chini kwa chini.

Liko jambo lingine la kuangalia kabla ya kukausha. Matope yenye harufu ya yai bovu yana kiberiti ndani yake. Yakipata hewa, kiberiti hicho hugeuka kuwa asidi kali. Huko Kigezi, Uganda, vinamasi vya mafunjo vilianza kukaushwa miaka ya 1940, na mahali pengine udongo uligeuka kuwa wa asidi hata mazao yakakataa. Kwa hiyo nusa matope kwanza. Ni ushauri rahisi, lakini ungaliokoa jasho la watu wengi.

Hatusemi kinamasi kisilimwe kamwe. Bunia imejaa watu. Wengi walikimbia vijiji vyao katika vita vya 1999 hata 2003, na wengine tena tangu mwisho wa 2017, na mtu mwenye njaa hawezi kuambiwa atazame mafunjo. Twasema kulima kingo na kuacha moyo. Lima pembeni, ambapo maji hushuka yenyewe wakati wa kiangazi. Katikati, pale kijito kipitapo, acha ukanda wa mafunjo usiokatwa na mfereji. Mfereji ukipita moja kwa moja toka juu ya bonde hata chini, maji yote yatapita humo bila kugusa matope, na hapo kinamasi ni picha tu, hakifanyi kazi.

Anayelima mpunga wa majini asitupe mbolea juu ya maji. Mbolea ya amonia au ya urea ikitupwa juu, hukaa katika ngozi ya kutu, hugeuka nitrati, hushuka, hupotea hewani. Nyingine huondoka ikiwa harufu. Hiyo ndiyo hasara aliyoiona Shioiri. Ifinyange mbolea ndani ya donge dogo la tope, ulisukume chini ya matope kiasi cha kina cha kiganja, katikati ya mashina manne ya mpunga. Kule chini hakuna oksijeni, amonia itabaki amonia, nayo itashikwa mpaka mizizi iifikie. Na mbolea ya nitrati usiinunue kwa shamba lenye maji. Ni kununua hewa.

Kinamasi kikichimbwa

Dhahabu ilionekana nchi hii mwaka 1903, na kazi ya kuichimba Kilo ilianza 1905. Kampuni ya Kilo-Moto iliundwa 1926, ikageuzwa kuwa shirika la serikali la OKIMO mwaka 1966. Kwa miaka hiyo yote dhahabu nyingi ilitafutwa katika changarawe za mabonde, na changarawe hiyo hukaa chini ya matope. Ili kuifikia yapasa matope yaondolewe. Zamani ilikuwa koleo. Leo ni koleo na mota ya kuvuta maji.

Matope yakivurugwa, mambo matatu hutokea. Amonia iliyoshikwa chini hutoka yote kwa ghafula. Ngozi ya kutu hupasuka na haipati nafasi ya kujifunga tena, kwa kuwa kesho yake matope yavurugwa upya. Na mfinyanzi ulioelea majini huzuia mwanga wa jua, mimea ya majini ikafa. Maji hayo huteremka mtoni yakiwa mekundu. Anayeishi chini ya mto aona rangi tu. Haoni kwamba ni akiba ya bonde zima inayopita mbele yake.

Ikiwa maji hayo yatafika mahali pa kutulia, kama vile bwawa la kuchimbwa au ghuba ya ziwa, azoti iliyomo hulisha mwani na magugu ya majini. Kidogo si kibaya: samaki wa Ziwa Albert hawangekuwapo kama ziwa lisingepata azoti, na kinamasi kizima huipa ziwa chakula kidogo kidogo. Ikizidi, mwani hufunika maji, hufa, huoza, na kuoza kwake hula oksijeni. Matope ya chini yapoteza ngozi yake, nayo yaongeza amonia nyingine juu. Hapo ubaya hujilisha wenyewe. Ziwa Albert lina bahati kidogo: kina chake kikubwa ni kama mita 58 tu, na upepo hulikoroga. Vighuba vilivyojificha na mashimo ya bondeni hayana bahati hiyo.

Zebaki nayo yapasa itajwe hapa, ingawa si azoti, kwa maana hupitia mlango uleule. Mchimbaji huitumia kukusanya dhahabu, na nyingine humwagika katika matope. Katika matope meusi yasiyo na oksijeni wako bakteria wanaoigeuza iwe sumu inayoingia samaki, na kutoka samaki kuingia mtu. Watu wa Minamata, Ujapani, walipata ugonjwa huo kwa kula samaki wa ghuba yao. Ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na mapatano ya mataifa juu ya zebaki ya mwaka 2013 yaliitwa kwa jina la mji huo. Usioshee zebaki kinamasini. Hata ikiwa utaondoka kesho, matope hayaondoki.

Kisima na mtoto mchanga

Nitrati isiyoondolewa na kinamasi yaweza kufika kisimani. Hutoka pia katika choo kilicho karibu, na katika zizi. Mtu mzima aweza kunywa maji hayo asione neno. Mtoto mchanga wa miezi michache ni mwingine. Nitrati ikigeuka tumboni mwake huharibu kazi ya damu ya kubeba oksijeni. Midomo na kucha huwa za rangi ya samawati, apumua kwa shida, naye aweza kufa. Daktari Hunter Comly wa Iowa, Marekani, aliandika mwaka 1945 juu ya watoto waliougua hivyo kwa kupewa maziwa yaliyochanganywa na maji ya kisima. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka: nitrati isizidi miligramu 50 katika lita moja ya maji.

Mama, angalia neno hili: kuchemsha hakuondoi nitrati. Kwaua vidudu, na ni lazima kwa sababu hiyo, lakini maji yakipungua chunguni nitrati hubaki, ikawa kali zaidi. Kwa hiyo mtoto wa miezi sita ya kwanza anyonye tu, asipewe maji. Mtoto akionekana wa samawati midomoni, asingoje kesho. Apelekwe kwa daktari mara moja. Na choo kichimbwe mbali na kisima, si chini ya hatua 40, tena upande wa chini, si wa juu. Katika mitaa ya Bunia ambapo nyumba zimebanana neno hili ni gumu kulitimiza, na afadhali hapo watu washirikiane kulinda chemchemi moja ya juu kuliko kila ua kuwa na kisima chake karibu na choo.

Namna ya kurudisha bonde lililochimbwa

Kazi hii ianze siku ya kwanza ya kuchimba, si ya mwisho. Mwenye bonde na mchimbaji wapatane mbele ya chefu kabla ya koleo la kwanza kuingia. Udongo mweusi wa juu utengwe upande mmoja, ufunikwe kwa majani, usioshwe na mvua wala usichanganywe na mchanga. Huo ndio wenye akiba na bakteria. Ukisha kuupoteza, utabaki na changarawe nyeupe ambayo maji hupita ndani yake bila kuacha kitu, na majani yatachukua miaka mingi kuirudia.

Wachimbe kipande kimoja, wakimalize, wakifukie, ndipo waende kingine. Changarawe na mawe yarudi chini kabisa, kisha mchanga, kisha udongo mweusi juu. Shimo lisiachwe lenye kina, kwa maana maji yaliyosimama humo huzaa mbu, na watoto huanguka. Linganisha bonde hata maji yatandae juu yake kwa kina cha kifundo cha mguu, yakienda polepole.

Mvua zikianza, chimba vipande vya shina la chini la mafunjo kutoka kinamasi kizima, kila kipande kiwe na chipukizi. Vipande hivyo vipande ukingoni, mahali pa tope lenye maji machache, kwa mistari inayokata njia ya maji, si kwa mistari inayoyafuata. Ng'ombe wazuiwe mpaka yasimame vema. Yakisha kukua waweza kuyakata kwa mikeka na kuezeka, lakini kata nusu ya bonde mwaka huu na nusu mwaka ujao, juu ya maji na si chini yake. Shina likikatwa chini ya maji laweza kuoza. Mabaki usiyachome. Yapeleke mlimani, uyatandaze chini ya kahawa na migomba: ni azoti iliyoshuka kutoka shamba lako ikirudi kwa mgongo.

Baada ya mvua za kwanza tumbukiza fimbo nyeupe iliyobanduliwa gamba katika matope ya kati, uiache siku chache, uitoe polepole. Ikitoka nyeusi chini na yenye rangi ya kutu karibu na juu, ngozi imeanza kujifunga. Ikitoka nyeusi yote, maji hayana hewa: fungua njia kidogo yaende. Ikitoka nyeupe kama ilivyoingia, hapo hakuna matope, ni mchanga tu, na yakubidi ulete udongo mweusi zaidi kabla ya kupanda tena.